Mkojo Unapovuja Ukikohoa, na Habari za Mashine ya Leza

Akina baba mlio karibu na redio msiondoke, maana mambo ya leo yanawahusu wake zenu na mama zenu. Nitataja sehemu za mwili kwa majina yake. Tukizungukazunguka hatutaelewana, na aibu ndiyo iliyofanya jambo hili likae gizani miaka yote hii.

Mwaka jana, siku ya kliniki ya watoto, mama mmoja wa miaka 46 alikuja kwenye zahanati yetu. Hakuwa na mtoto mgongoni. Alikaa mwisho wa benchi, na kila nilipomwita alimpisha mwenzake, hadi chanjo zikaisha na watu wakatawanyika. Ndipo akaingia, akafunga mlango, akafungua pindo la leso na kutoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Lilikuwa tangazo la kliniki moja ya kibinafsi mjini. Lilisema kuna mashine ya leza inayotibu mkojo unaovuja, bila kisu, bila kulazwa, kwa dakika chache tu.

"Sista," akaniambia, "mwezi ujao ni zamu yangu ya chama. Nikiuza na ng'ombe, pesa zinatosha. Wewe niambie kama hii ni dawa au ni ujanja."

Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyokuwa yakimlipia karo kijana wake wa kidato cha tatu. Nami, pamoja na diploma yangu ya uuguzi, sikuwa na jibu. Nilimwomba anipe wiki mbili. Nikasoma, nikamuuliza daktari wa wanawake wa hospitali ya kaunti, na niliyoyapata ndiyo nitakayowaeleza leo.

(Muziki kidogo)

Kwanza tuelewe shida yenyewe. Kibofu ni mfuko unaoweka mkojo. Chini yake kuna mrija wa kutolea mkojo, na kwa mwanamke mrija huo ni mfupi, kama sentimita 4 tu. Kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa vyote vimelala juu ya misuli iliyotandazwa kutoka mfupa wa mbele, chini ya kitovu, hadi mfupa wa mkia. Fikiria kitanda cha kamba. Kamba zikiwa zimekazwa vizuri, aliyelala juu hatikisiki. Zikilegea, anazama katikati.

Ukikohoa, ukipiga chafya, ukicheka sana, ukiruka mtaro au ukiinua mtungi wa maji wa lita 20, tumbo linasukuma kibofu kwa nguvu. Kama kamba za kitanda ni imara, mrija unabanwa na mkojo unabaki ndani. Kama zimelegea, mkojo unaponyoka. Huenda yakawa matone mawili, au ikawa leso nzima kulowa. Ukiacha kukohoa, unakoma.

Madaktari wakiandika ugonjwa huu kwa Kiingereza hutumia neno ambalo sisi mitaani tunalijua kama stresi. Basi mama akisikia hivyo anadhani ameambiwa kuwa ana mawazo mengi, anarudi nyumbani kuomba Mungu ampunguzie wasiwasi. Sivyo. Hapo neno hilo lina maana ya msukumo wa tumbo juu ya kibofu. Halina uhusiano na mawazo.

Kamba hizi hulegezwa na nini? Mimba ni ya kwanza, maana mzigo wa miezi 9 si mchezo. Kisha kujifungua, hasa mtoto akiwa mkubwa, uchungu ukiwa mrefu au mtoto akivutwa kwa vyombo. Aliyejifungua kwa operesheni ana nafuu kidogo lakini hakukingwa kabisa, kwa sababu naye alibeba mimba. Umri wa kukoma hedhi unapofika, ngozi na misuli ya sehemu hizo hupungua nguvu. Uzito wa mwili ukizidi, unakaa juu ya kibofu mchana kutwa. Na kuna mambo mawili ambayo watu huyasahau: choo kigumu, kinachomfanya mtu ajikamue kila asubuhi, na kikohozi kisichoisha.

Sasa niwaambie langu. Baada ya kujifungua mtoto wangu wa pili, nilikuwa nikipiga chafya wodini nasimama kwanza, nabana miguu, ndipo natembea. Nilifunga sweta kiunoni miezi mingi na wenzangu walidhani ni mtindo. Sikumwambia yeyote. Mimi, muuguzi! Hadi leo linaniuma kwamba mama akija kliniki baada ya kujifungua tunampima mtoto uzito, tunamuuliza mama kuhusu damu na maziwa na uzazi wa mpango, lakini ni wachache kati yetu wanaomuuliza: je, mkojo unakaa? Mama asipoulizwa, anadhani ndivyo wanawake wote walivyo baada ya kuzaa. Ni kweli tuko wengi, lakini wingi wetu haufanyi jambo hili kuwa la kuvumiliwa.

Kabla hatujafika kwenye leza, ni lazima nitenganishe mkojo huu wa kikohozi na mingine, kwa sababu matibabu hayafanani.

Kuna mama ambaye anahisi mkojo ghafla, na kabla hajafika chooni umeshatoka. Hakukohoa wala kuinua kitu. Huyo kibofu chake kinajikaza chenyewe kabla ya wakati. Anasaidiwa kwa kuzoeza kibofu kungoja kidogo kidogo, kwa kupunguza chai ya rangi, kahawa na soda za kola, na wakati mwingine kwa dawa. Wengine wana vyote viwili, cha kikohozi na cha haraka. Kuna mwenye maambukizi ya njia ya mkojo, anayesikia moto akikojoa. Huyo apimwe mkojo na apewe dawa. Na mwenye kwenda chooni kila mara huku ana kiu isiyokatika, apimwe sukari.

Halafu kuna fistula. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Mama ambaye mkojo unamtoka mchana na usiku, awe amelala au amesimama, bila kukohoa, na ulianza baada ya uchungu wa siku nyingi au baada ya operesheni ya uzazi, huenda ana tundu kati ya kibofu na uke. Hakuna zoezi litakaloziba tundu hilo, wala leza hii ya matangazo si dawa yake. Linashonwa na daktari aliyefunzwa kazi hiyo, na Kenya tunao. Kuna kambi za upasuaji wa fistula ambazo hufanyika bila malipo, nyingine karibu na tarehe 23 Mei, ambayo ni siku ya kimataifa ya kutokomeza fistula. Ukiwa umejifungua juzi tu na ukaona mkojo unachuruzika bila kukoma, usingoje kambi. Wahi hospitali, kwa sababu tundu dogo likigunduliwa mapema linaweza kujifunga lenyewe mgonjwa akiwekewa mpira wa mkojo. Katika vijiji vyetu bado kuna wanawake waliofichwa vyumba vya nyuma kwa sababu ya harufu, wakiambiwa wamerogwa. Kama unamjua mmoja, mpeleke.

(Muziki kidogo)

Sasa leza. Leza ni mwanga. Mwanga wa tochi hutawanyika kadiri unavyokwenda mbali, lakini wa leza umekusanywa na kuelekezwa mahali pamoja, hata unaweza kupasha joto au kukata. Madaktari wa macho na wa ngozi wameutumia miaka mingi, na huko una kazi yake inayojulikana.

Kwa mkojo unaovuja, daktari hutia ndani ya uke kifaa chembamba kama bomba, kisha miale hupasha joto ukuta wa uke, hasa upande wa mbele ulio karibu na mrija wa mkojo. Mashine nyingine hutumia madini yanayoitwa erbiamu, nyingine gesi ya kaboni dayoksidi. Chini ya ngozi ya uke kuna nyuzi za protini zinazoitwa kolajeni, ambazo ndizo zinazoipa ngozi uimara. Nyuzi hizo zikipata joto la kiasi hujikunja, kama ngozi ya nyama inavyojikunja ikiwekwa karibu na jiko, na baadaye mwili hujenga nyuzi mpya. Tumaini ni kwamba ukuta ukikaza, mrija utapata mahali pa kuegemea. Mama halazwi. Kwa kawaida anarudi mara 2 au 3, kwa nafasi ya mwezi mmoja hivi.

Wazo lenyewe si la kijinga. Swali ni kama linafanya kazi, na hapo ndipo tangazo lile lilipokaa kimya.

Kupima matibabu si kumuuliza mtu aliyelipa kama anajisikia vizuri. Mtu akishauza ng'ombe, atasema amepona hata kabla hajafika nyumbani, nami ningesema hivyo hivyo. Kwa hiyo watafiti hugawa wanawake makundi mawili. Kundi moja linapata leza ya kweli. Kundi la pili linatiwa kifaa kile kile, lakini mashine haitoi miale inayofaa kutibu, na mama mwenyewe haambiwi yuko kundi gani. Baadaye makundi yanalinganishwa.

Huko Slovenia walifanya hivyo kwa wanawake 114 waliowahi kuzaa na ambao hawajakoma hedhi. Matokeo yalitolewa mwaka 2018: baada ya miezi 3, waliopata leza ya erbiamu walikuwa na nafuu zaidi kuliko wenzao. Ni habari njema, na sitaificha. Lakini mwaka 2022 yakatoka matokeo ya Australia kwa leza ya kaboni dayoksidi, na huko, baada ya miezi 3, waliopata miale na wasioipata hawakutofautiana. Na angalieni ule muda. Miezi 3 ni muda wa kuvuna maharagwe. Mama anayeuza ng'ombe anataka kujua kama atakuwa mkavu mwaka wa tatu, wa tano.

Ndiyo maana taasisi inayoshauri hospitali za serikali huko Uingereza, inayojulikana kama NICE, ilisema mwaka 2021 kwamba ushahidi juu ya usalama na manufaa ya leza hii kwa muda mrefu hautoshi, na kwamba itumiwe ndani ya utafiti tu. Marekani nako, shirika la serikali linalosimamia dawa na vifaa vya tiba, FDA, lilitoa onyo Julai 2018 kuhusu mashine za leza na nyingine za kupasha uke joto, zilizokuwa zikitangazwa kwa mambo mengi, mkojo kuvuja ukiwa mojawapo. Lilisema usalama wake kwa kazi hizo haujathibitishwa, na kwamba kuna wanawake waliopata majeraha ya moto, makovu, maumivu wakati wa kujamiiana na maumivu yasiyoisha.

Si kila anayefanyiwa huumia. Wengi hurudi nyumbani wakiwa na maji maji kidogo na kuwashwa kwa siku chache, basi. Ila "bila maumivu, bila madhara" ni maneno ya muuzaji.

Yule mama nilimjibu hivi: mama, sitasema ni ujanja. Ni kitu ambacho bado kinapimwa, na wewe unauziwa kama vile kipimo kimekwisha. Tena, mashine ile inapasha joto ukuta wa uke, lakini haitii nguvu misuli, na kamba za kitanda ndizo hiyo misuli.

Kama kuna msikilizaji ambaye pesa zake hazina shida na bado anataka leza, uamuzi ni wake. Lakini kabla ya kulala juu ya kile kitanda auliza: nimepimwa na daktari bingwa wa wanawake, au nimepimwa na mpokea wageni? Amehakikisha sina fistula, sina maambukizi, sina mimba, na sina damu inayotoka bila sababu kujulikana? Jumla ya gharama ni ngapi, mara zote pamoja, si mara ya kwanza tu? Nikiungua, nani atanitibu na nani atalipa? Na kama daktari ameandikishwa na baraza la madaktari, KMPDC, ni haki yako kuuliza. Asiyeweza kujibu maswali haya bila kukasirika, chukua mkoba wako uondoke.

(Muziki kidogo)

Sasa tuje kwenye lile ambalo tangazo halikutaja kwa sababu halina faida ya kuuzwa. Mwaka 1948 daktari mmoja wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika kwamba misuli hii ya chini inaweza kufanyishwa mazoezi kama misuli mingine, na mkojo ukaacha kuvuja. Tangu hapo mazoezi hayo yamepimwa tena na tena, na ndiyo matibabu ya kwanza yanayopendekezwa kwa mkojo wa kikohozi. Mwongozo wa NICE wa mwaka 2019 unasema mama apewe mafunzo chini ya uangalizi kwa muda usiopungua miezi 3 kabla ya kufikiria mengine.

Tufanye pamoja. Kaa kwenye kiti au kwenye kigoda, mgongo wima, magoti yameachana kidogo. Fikiria uko kanisani au msikitini, hewa imekujia na hutaki itoke. Bana pale nyuma. Sasa endeleza huko kubana kuelekea mbele, kama unayezuia na mkojo pia, na uvute juu, kuelekea kitovuni. Umeisikia? Ndiyo hiyo. Matako yasikaze, mapaja yasikaze, na usizuie pumzi. Kama unataka kuhakikisha unabana mahali penyewe, ingiza kidole safi ukeni ukiwa unaoga, ubane. Utasikia kidole kinashikwa na kuvutwa juu. Ukisikia kinasukumwa nje, unajikamua, na hiyo ni kinyume kabisa. Nimeona akina mama wengi wanaosema "nilifanya mazoezi hayakunisaidia", kumbe miezi yote walikuwa wakisukuma chini badala ya kuvuta juu. Njoo zahanati tukuonyeshe. Ukiweza kufika hospitali ya kaunti, uliza mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayeshughulikia wanawake.

Ukishaipata, bana na uhesabu hadi 3, kisha achilia kabisa kwa muda kama huo. Kuachilia nako ni sehemu ya zoezi. Rudia mara 8. Fanya hivyo mara 3 kwa siku. Kila wiki ongeza kidogo muda wa kubana hadi ufike hesabu ya 10. Baada ya hapo bana haraka haraka mara chache, bana-achia, bana-achia, kwa sababu kikohozi hakipigi hodi. Usifanye zoezi hili ukiwa unakojoa kwa kukatisha mkojo kila siku. Hilo linazuia kibofu kumwaga vizuri.

Jambo zuri ni kwamba hakuna anayekuona. Unaweza kufanya ukiwa ndani ya matatu, ukichambua mchele, ukinyonyesha, hata ukinisikiliza sasa hivi. Mimi nilifungamanisha na mambo matatu: nikipiga mswaki asubuhi, nikingoja chai ya saa nne ichemke, na nikilala. Bila kufungamanisha na jambo fulani utasahau siku ya tatu, nakuhakikishia.

Na kuna ufundi mmoja mdogo ambao ninaupenda kuliko yote. Ukihisi kikohozi au chafya inakuja, bana kwanza, ndipo ukohoe. Kabla hujainua mtungi, bana, ndipo uinue. Watafiti wa Marekani walipowafundisha wanawake wazee ufundi huu, mwaka 1998, mkojo uliotoka wakikohoa ulipungua ndani ya wiki moja. Misuli haikuwa imepata nguvu bado kwa wiki moja. Walijifunza tu kufunga mlango kabla ya mgeni kuusukuma.

Mazoezi peke yake yatachukua muda. Wengi huanza kuona tofauti baada ya wiki 6 hivi, na miezi 3 ndiyo kipimo. Hapo katikati kuna wiki utaona kama unapoteza muda. Usiache.

Usipunguze maji ya kunywa. Najua wengi mnafanya hivyo siku ya mazishi au ya harusi. Mkojo ukiwa mzito unaudhi kibofu, choo nacho kinakuwa kigumu, na unaongeza shida juu ya shida. Kunywa maji, kula matunda na mboga, choo kiwe laini. Mwenye uzito mkubwa akipunguza kidogo tu ataona faida. Katika utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2009, wanawake wanene waliopunguza karibu asilimia 8 ya uzito wao walivuja karibu nusu ya walivyokuwa wakivuja kabla. Kwa mama wa kilo 90, hiyo ni kama kilo 7.

Mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Kama unaweza kubeba mitungi miwili ya lita 10 kwa mikono miwili, kamba zako zitashukuru. Kama punda yupo, abebe punda. Na kama kuna kijana wa kidato cha tatu nyumbani mwenye mabega mapana, si vibaya akijua njia ya kisimani.

Mazoezi yakishindwa baada ya kufanywa sawasawa, bado kuna njia. Kuna pete ya mpira inayowekwa ukeni kuegemeza mrija. Kuna upasuaji wa kuinua shingo ya kibofu, au kuweka mkanda chini ya mrija, ama wa nyuzi za mwili wako mwenyewe ama wa wavu wa plastiki. Huu wa plastiki uliwasaidia wengi lakini pia uliwaumiza baadhi, hata Uingereza ikausimamisha Julai 2018 hadi masharti ya usalama yatimizwe. Haya ni mazungumzo ya wewe na daktari bingwa, hayauzwi kwa karatasi za barabarani.

Nisiache dalili za kukupeleka hospitali bila kungoja mazoezi: damu kwenye mkojo, homa pamoja na maumivu ya mgongo, mkojo kukataa kutoka kabisa, miguu kufa ganzi ghafla, au kizazi kushuka hadi unakigusa nje.

Tumrudie yule mama. Nilipomuuliza vizuri aliniambia anakohoa tangu mwaka uliotangulia. Kikohozi kikipita wiki 2 ni lazima kipimwe kifua kikuu, kwa hiyo tulianza na makohozi. Hakuwa nacho. Ulikuwa moshi wa jikoni. Alipikia kuni katika chumba chenye kidirisha cha ukubwa wa sahani. Mumewe alitoboa ukuta upande wa pili, moshi ukapata njia. Nilimpima mkojo, nikamwangalia, nikamfundisha zoezi. Siku ya kwanza alikuwa anasukuma chini, kama nilivyowaambia.

Mwezi wa kwanza alikuja amekasirika. "Mwanangu, hakuna kitu." Nikamwonyesha tena. Mwezi wa tatu alikuja bila kufunga sweta. Alikuwa akitumia vitambaa vitatu kwa siku. Sasa ni kimoja, siku za soko tu, akipanda kilima na mzigo. Hajapona kabisa. Lakini amerudi kwenye kwaya, safu ya mbele, na pesa za chama alinunulia mabati. Ng'ombe yupo. Aliniuliza kama sasa anaweza kuacha zoezi, nikamwambia hapana, misuli ikiachwa hulegea tena, aendelee japo mara moja kwa siku. Akacheka sana, akashika tumbo, kisha akanyamaza ghafla na kunitazama.

"Nimebana," akasema.

Maswali yenu yaleteni zahanati siku yoyote asubuhi. Anayeona haya kuongea mbele ya watu aseme tu "ni yale mambo ya redioni", nami nitafunga mlango. Wiki ijayo tutazungumza juu ya minyoo kwa watoto wa shule, na nitahitaji mwe na kalamu kwa ajili ya kipimo cha dawa. Kwaherini kwa sasa.